Nilivyomnenepesha binti yangu ili nishinde rufaa ya kesi ya kutelekeza mtoto

Wakuu, habari zenu. Mwenye chai mdomoni ameze kwanza. Haya ni ya kweli, chumvi niliyotia ni ya kuonja tu.

Kuna jambo niliwahi kuliamini kuliko ninavyoamini jua litachomoza: kwamba kwenye rufaa ya kesi ya kutelekeza mtoto, jaji anampima mtoto kwa mzani. Akiwa mzito umeshinda. Akiwa mwepesi umekwisha.

Aliniambia Bakari, fundi baiskeli wetu hapa Mpapura. Bakari aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, kwa hiyo kwetu ni mwanasheria.

Na mimi mhitimu wa QT, masomo ya jioni, nikaona hoja imenyooka. Korosho si zinapimwa?

Nirudi nyuma kidogo.

Msimu wa korosho nilihamia shambani, kama baba yeyote wa huku. Mke wangu alikuwa Newala anamuuguza mama yake. Binti yetu Somoe, wa darasa la pili, akabaki kwa Mjomba Saidi, kaka wa mama yake, nyumba ya pili kutoka kwangu.

Mpangaji mmoja mgeni akaona mlango wangu umefungwa na Somoe anacheza uani peke yake. Akaripoti. Nikashtakiwa.

Mahakama ya wilaya nilijitetea mwenyewe, kwa Kiswahili cha kuvaa tai. Nikaeleza habari za mvua, nyani na wezi wa korosho. Mjomba sikumtaja hata mara moja!

Wakuu, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kumtaja ni kama kumwambia hakimu kuwa mtoto ana shingo.

Hakimu si wa huku. Nikatiwa hatiani, na Somoe akaamriwa apelekwe makao ya watoto mjini. Nikakata rufaa, amri ikasimamishwa kwanza. Mimi ni mtu wa kucheka hata msibani, lakini siku hiyo sikucheka.

Ndipo Bakari akaja na elimu yake ya mzani.

Nikaingia kazini. Asubuhi uji wenye korosho, mchana ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, jioni ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Somoe akatanuka mpaka mashavu yakawa yanaingia chumbani kabla yake.

"Shemeji," Mjomba Saidi akaniuliza, "huyu tunamchinja Idi hii au ijayo?"

Somoe naye: "Baba, tukishinda naruhusiwa kuacha kula?"

Siku ya rufaa tukaenda Mtwara mjini: mimi, Somoe, na mzani wa kuning'iniza niliouazima, maana wa mahakama ungeweza kuwa mbovu.

"Mzee, unauza nini?" mlinzi akauliza getini.

"Siuzi. Mimi ni mrufani. Hiki ni kielelezo."

"Basi kielelezo kibaki hapa kwangu."

Ndani, jaji hakumtazama Somoe hata kwa bahati mbaya. Mtoto amenona vile, bure! Akamgeukia wakili wa Serikali.

"Shahidi wenu huyu mpangaji, si alikiri mwenyewe kwamba mtoto alikuwa anakula na kulala kwa mjomba wake?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hatuipingi rufaa."

Hatia ikafutwa. Amri ikafutwa. Somoe haendi popote. Nikalia mbele za watu, Somoe akanifuta kwa ushungi wake.

Somo langu, wakuu: ukifika mahakamani, mtaje mjomba. Kinachojulikana na kijiji kizima, hakimu hakijui mpaka umwambie.

Wenye kesi kama yangu, au mafundi baiskeli kama wangu, shusheni hapo chini. Kunicheka ruksa, ila hamtamfikia karani wa mahakama.

Maana wakati wa kutoka niliingiwa na hofu ushindi wangu usije ukawa batili. Nikamfuata, nikamuuliza kwa heshima zote: "Sasa mtoto mnampima saa ngapi?"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema:

"Baba, hapa hatupimi watoto. Tunaangalia kesi ilivyosikilizwa kule chini. Mtoto hakutakiwa hata kuja."