Kidonda cha Jino Kilichogoma Kupona

Jino liling'olewa Jumatatu. Jumatatu ya pili shimo lilikuwa bado linavuja damu, shavu limetuna kama nimeficha embe bichi mdomoni, na nguruwe pori wa kijijini kwetu Miteja, nikishindwa kupayuka, nilikuwa nawatukana kwa mikono.

Sitanii. Haya yalinipata mimi, Likwata, mwaka mmoja kabla ya vita vya Maji Maji.

Mdachi, yaani Mjerumani, alikuwa ametuletea pamba. Pamba ya nani? Yake. Shamba la nani? Letu. Mgongo wa nani? Msiniulize, alama ninazo mpaka leo.

Alfajiri mbiu ya akida, msimamizi wa Mdachi, inalia, kijiji kizima kwenye pamba. Jioni unarudi, unapanda dungu, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya mpunga, unapiga kelele mpaka kunakucha. Ukinyamaza, nguruwe wanavuna kabla yako.

Na mpunga ulikuwa umeiva. Tulitaka siku saba tu za kuvuna.

Akida akasema hatoi hata moja.

Wazee wakanichagua nikaseme barazani Jumatatu inayofuata. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilijifundisha mwenyewe herufi za Mdachi kwa kukodolea macho magunia ya pamba. Na kwa sababu nina mdomo.

Mdomo wenyewe ndio huo, umevimba. Nisiposema mimi hasemi mtu, na watoto watalala njaa.

Nikaenda kwa Bi Mboni, mkunga wetu, ndiye aliyening'oa lile jino.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Achama." Akachungulia, akanusa, akarudi nyuma. "Mjukuu wangu, humu mna mzoga! Chumvi unasukutua?"

"Nasukutua."

"Unalala saa ngapi?"

"Silali. Bibi, waliolala ndio wanaotawaliwa!"

Nilisema kwa taabu, na damu ikanitoka juu yake.

"Basi kesha. Utatawaliwa na fizi," akasema, akijifuta mkono. "Nyama inajishona ukiwa umelala, Likwata. Wewe kila ikijishona, unaifumua kwa makelele. Siku saba. Ukitoka kwenye pamba, sukutua maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kunywa uji, lala mpaka alfajiri. Dungu marufuku."

"Na nguruwe?"

Mke wangu Kidawa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akadakia: "Nguruwe niachie mimi. Wewe wameshakuzoea."

Nilikasirika. Nikaenda kulala kwa hasira.

Jamani, nililala kama gogo!

Siku ya pili damu ikakata. Siku ya nne uvimbe ukashuka. Siku ya sita nikatafuna muhogo wa kuchoma kwa jino la upande wa pili, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Na nguruwe? Walihama bonde. Kidawa anasema aliwaimbia. Sibishi, nimewahi kumsikia akiimba.

Jumatatu ikafika. Nikaenda barazani na hotuba ya kuunguza paa. Nyuma yangu kijiji kizima.

Akida Abdulatifu akatoka. Kitambaa kimemfunga kidevuni mpaka utosini, macho mekundu, shavu moja kubwa kuliko kichwa.

Nilimwamkia kwa ulimi tu, moyo haukuwemo. "Shikamoo, akida."

"Mm. Thema upethi."

Hotuba nikaimeza.

"Jino, akida?"

"Athkari kaning'oa kwa koleo. Thiku ya kumi leo, haliponi."

"Unalala?"

"Nilale vipi? Mdachi anakuja kukagua pamba mwethi ujao. Uthiku nawatha viboko vyake. Alfajiri niwaamthe nyinyi wavivu."

Kidawa akanifinya mgongoni. "Mchome, Likwata! Unangoja nini?"

Nikasogea mbele, nikaachama mdomo wote. "Tazama, akida. Wiki iliyopita hapa palikuwa na mzoga."

Akainama, akachungulia kinywa changu mbele ya baraza zima. Watu wakabana vicheko.

"Umetumia nini?"

"Maji ya chumvi, uji, na usingizi. Siku saba, usiku kucha, na mchana ukisinzia usijizuie. Lakini usingizi unataka kimya. Mbiu ikilia alfajiri mlangoni kwako, kidonda kinafumuka upya."

"Bila mbiu, watu watakwendaje kwenye pamba?"

"Hapo mimi simo. Mimi nimesema habari ya jino."

Akanitazama, akahesabu siku saba kwa vidole. Alijua. Nami nilijua kwamba anajua. Nikasikia jasho likiteremka kwenye zile alama za mgongoni.

Kisha kidonda kikamtwanga, akafumba macho, akashika shavu kwa mikono miwili.

"Thiku thaba," akasema. "Mbiu inyamathe."

Wacha wee!

Tulivuna bonde lote kimyakimya. Wanawake wakipita na vikapu karibu na nyumba ya akida walitembea kwa ncha za vidole na kuzibana midomo. "Shh, mgonjwa wetu asiamke!" Ndani alikoroma mpaka makuti yakatikisika. Siku ya saba jioni, mpunga wote ulikuwa ghalani.

Siku ya nane mbiu ikalia. Aliipuliza mwenyewe, kwa mashavu mazima, ikasikika mpaka ng'ambo ya mto.

"Mgonjwa wako kapona," Kidawa akaniambia.

Nikasonya, nikachukua jembe. Lakini watoto wangu walikuwa wamekula wali.

Kwa hiyo ndugu yangu, kidonda cha kinywani kikigoma kupona, kabla hujamtafuta mchawi, jiulize umelala kiasi gani. Safisha kinywa, kisha uupe mwili usingizi ufanye kazi yake.

Na kama kuna mtu anakunyima usingizi huo kwa faida yake, usimwite bwana. Lihifadhi jina lake.

Mimi majina yao ninayo yote, na nalala vizuri.