Nilivyokuwa Jaji wa Tatuu Bulla Pesa, Mkono Ukanifinya Chini ya Shuka

Naapa kwa haya meno machache nimebaki nayo, hii kitu ilifanyika hapa Isiolo na hakuna mahali nimeongeza chumvi.

Mkono wa mtu ulitoka kwa tundu la shuka, ukanifinya kidole, na maisha yangu ikaharibika hapo hapo.

Mimi ni Mzee Lochoro. Nimestaafu udalali wa ngamia. Shule sikuingia, kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia nyama.

Naishi Bulla Pesa na mjukuu wangu Vincent, mtu mzima mwenye ndevu. Kazi yake ni kuchora watu tatuu.

Anachorea wapi? Kwa sebule yangu.

Unaamka unataka chai, unapata jitu limelala kifua wazi kwa kochi yako, linalia, "Pole pole, boss." Mashine inanguruma kushinda posho mill ya kusaga mahindi. Taarifa ya habari niliisahau inafananaje.

Sasa kukatangazwa mashindano ya tatuu. Mshindi anapewa kibanda karibu na stage ya matatu, mwaka mzima bila kodi.

Mimi nikaona sebule yangu ikirudi.

Nikaenda kwa Mukami, mwenye saluni, ndiye alikuwa jaji mkuu. Jaji mmoja alikuwa amejitoa, kiti kiko wazi. Nikamwambia nimehukumu tatuu Kampala, Juba na Addis.

"Mzee, huko Addis wanachora wapi?"

"Mpaka kope."

Akanipa kiti.

Lakini huyo mama hakuwa wa mchezo. Wenye tatuu wote walikaa nyuma ya shuka kubwa yenye tundu. Unaona mkono tu. Uso huoni, mchoraji humjui. Unaangalia kama mistari imenyooka, kama kivuli kimekolea sawa, na unagusa kama ngozi imepona. Kila jaji anaandika peke yake, hakuna kunong'ona. Na ukitoa alama za mbali na wenzako, unasimama mbele ya watu uzieleze.

Mpango wa haki kabisa. Uliniudhi sana.

Vincent alikuwa amemchora Muriungi, mpika chapati wa mtaa wa Wabera. Akakataa kunionyesha huo mchoro, ati jaji hafai kuujua. Kijana mgumu huyo, sijui alitoa wapi.

Nikamfuata Muriungi kwa siri.

"Nikikugusa, nifinye kidole mara mbili. Vincent asijue."

"Sawa, mzee."

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Mikono ikaanza kutoka. Mmoja ukaja na simba.

Nasema simba kwa heshima tu. Jicho moja lilikuwa limehamia kwa sikio, na mkia ungedhani ni wa mbuzi.

Nikashika vidole niguse ngozi. Shuka ikalegea, ikafunika mikono yetu.

Kidole kikafinywa. Mara mbili.

Moyo ukaniuma. Vincent, mjukuu wangu, kumbe hii ndiyo takataka unachora kwa kochi yangu? Lakini damu ni damu. Nikaweka kumi juu ya kumi.

Baadaye ukatoka mkono wenye ndovu. Huyo ndovu ungemsikia akipumua. Nikagusa.

Kidole kikafinywa. Mara mbili.

Nikajua huyu ni mwizi ameiba mpango wetu. Watu kama hawa ndio wanaharibu nchi. Nikamwandikia sifuri na nikasikia raha ya mtu ametetea haki.

Mukami akakusanya alama. Akaniangalia.

"Mzee Lochoro, simama. Huyu simba wenzako wamempa mbili. Wewe kumi."

"Huyo ni simba wa kiangazi. Amekonda."

Ukumbi ukacheka mpaka viti vikalia.

"Na ndovu? Wenzako tisa, wewe sifuri."

"Mwenye huo mkono ni mwizi. Amenifinya kidole ndio nimpendelee."

Sauti ikatoka nyuma ya shuka:

"Lakini mzee, si ni wewe uliniambia nifinye?"

Shuka ikavutwa. Muriungi huyo, na ndovu wake. Kando yake mwenye simba: Aule, dalali mwenzangu wa soko ya mifugo.

"Aule, wewe ulinifinya ya nini?"

"Lochoro, sokoni tunapatana bei vipi? Si kwa vidole, chini ya nguo, watu wasisikie? Umenishika vidole chini ya shuka, nikajua unataka ngamia. Nikakupa bei."

Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

Mukami akasema, "Kama ungeketi tu bila kuandika kitu, Vincent angeshinda. Sasa anatolewa, sababu mkono aliouchora ulipangwa na wewe."

"Yeye hakujua."

"Najua hakujua. Lakini huyu ndovu amekufinya, na watu wote wamesikia."

Kibanda kikaenda kwa msichana anaitwa Lorna, aliyechora kipepeo safi. Vincent akabeba mashine yake, tukarudi nyumbani. Hapo akasema, "Babu, umenipotezea kibanda. Utanipa kingine."

"Nikitoe wapi?"

Akaangalia sebule yangu. "Hii hapa. Mwaka mzima."

Basi funzo ni hili: ukipewa kiti cha jaji, shika kalamu, ule mkono mwingine ukalie.

Haya nayaandikia jikoni, juu ya ndoo. Jana nilibisha mlango wa sebule nikitaka kuona habari.

"Kuna mteja, babu," Vincent akasema. "Panga laini."

Nimepanga.