Mguu wa Fundi

Yule fundi wa kompyuta wa karibu na stendi ya Kasulu hukaa ameegemea ukuta, kioo kimemwelekea yeye, mteja asione kitu. Mwalimu Asnath, ambaye laptop yake ilikuwa haitoi sauti, alisimama hapo akimkodolea macho. Fundi akapuliza matundu ya spika, vumbi jekundu likatoka. Akavaa hedifoni zake zilizozungushiwa utepe wa gundi, akafumba macho.

"Hamna kitu, Mwalimu. Hata huku masikioni kimya. Niachie mpaka Ijumaa."

Nyimbo za kwaya yao ya kijijini Kitanga zilikuwa humo tu, hazipo kwingine. Asnath akachungulia chini ya meza. Kandambili ya fundi ilikuwa ikipiga mdundo, taratibu, bila kukosea. Akaishika laptop yake aondoke nayo.

Fundi akaing'ang'ania, macho bado kayafumba.

"Ngoja basi, wamalizie ubeti."