Ili Namba Isomeke

Kazi yangu ni kuwavunja watu moyo. Mtu mwenye gari la kale akiambiwa kuna tajiri analitaka, mimi ndiye ninayetumwa kwenda kuangalia kama ni lile lile lililotoka kiwandani, au ni mabaki ya magari matatu yaliyopakwa rangi moja. Mara nyingi ni mabaki. Nilizaliwa Soweto West, Kibera, nikajifunza kunyoosha mabati na kupiga rangi kwenye gereji za kando ya barabara, na huko ndiko nilikoona jinsi gari linavyodanganya. Kitu kinachong'aa nakishuku kabla sijakigusa. Mke wangu husema hata nguo mpya ya kanisani naikagua mishono, na hasemi uongo.

Safari hii nilitumwa Kawangware. Mwenye gari alikuwa mzee wa huko huko, wa zile familia zilizolima pale kabla hapajawa mtaa. Shamba la babake lilikuwa limebaki ploti moja yenye vyumba vya mabati vya kupangisha, na nyuma ya vyumba hivyo, chini ya kibanda, ndipo gari lilipokaa. Lilikuwa gari la mbio la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai, boneti ndefu kuliko gari lenyewe.

Aliyenifungulia geti ni binti yake, mama wa makamo, uso umevimba, mkono mmoja umefungwa bendeji. Mzee hakunizungusha. Tulipomaliza kusalimiana tu, alimwonyesha kwa kidevu.

"Ni huyu nauzia gari," akasema. "Figo zake zimekufa. Kila wiki tunampeleka kuoshwa damu. Ndugu yake amekubali kumpa figo moja, madaktari wamesema inaingiana. Imebaki tu pesa ya operation. Sasa kijana, angalia kazi yako, lakini ujue unaangalia nini."

Sipendi kuambiwa hivyo. Mtu akishaniwekea mgonjwa juu ya boneti, macho yangu hayaoni sawasawa. Niliguna tu, nikatoa sumaku niliyoifunga kitambaa, nikaanza kuitembeza juu ya bodi. Mahali palipojazwa fila, ule udongo wa kuziba mabonde ya bati, sumaku huteleza na kuanguka. Hii haikuanguka popote. Nilikwangua rangi kidogo ndani ya buti, mahali pasipoonekana, nikakuta kijani ile ile, na chini yake hamna kitu ila bati tupu. Skrubu zote za zamani. Nyaya bado zimevikwa uzi. Nilipoinua kiti nikakuta nyuzi za nazi zilizojazwa na mtu ambaye bila shaka alishazikwa zamani.

Nilifurahi. Nasema bila aibu, nilifurahi kama mtoto, kwa sababu miaka yote ya kazi hii sikuwa nimekutana na gari ambalo halijaniambia uongo hata mmoja.

Nikamwuliza mzee lilimfikiaje. Akanieleza kwamba lilikuja na daktari Mzungu, naye mzee, akiwa kijana, ndiye aliyekuwa fundi wake. Daktari aliporudi kwao alimwachia Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, na Mhindi alipochoka nalo akamwuzia yeye. Wengi hunipa hadithi tamu kuliko hiyo. Lakini huyu aliingia ndani akaniletea picha ya harusi yake: yeye na bibi harusi mbele ya kanisa, gari katikati yao kama mtoto wao wa kwanza, na madigadi ya kushoto imebonyea. Nikaingiza mkono chini ya madigadi ile. Alama za nyundo iliyonyoosha yale mabonde bado zilikuwa pale. Hadithi na bati vilikubaliana.

Ilibaki namba ya chasisi. Nililala chini, nikamulika tochi karibu na gurudumu la mbele. Chuma chote cha gari kilikuwa na rangi ya uzee, isipokuwa kile kipande chenye namba. Chenyewe kiling'aa kama kijiko. Kilikuwa kimesagwa, na juu yake namba mpya zimepigwa kwa nyundo, nene, zimepanga mstari.

"Mzee, nani aligusa hapa?"

"Ni mimi," akasema, tena kwa furaha. "Yule mnunuzi aliniambia kwa simu anataka kuona namba vizuri. Ungeiona vile ilikuwa! Imekuliwa na kutu, hata mimi nilikuwa naisoma na kidole. Nikaita vijana wa jua kali hapo Satellite wakapitisha grinda, wakapiga tena. Namba ni ile ile, kijana. Nilisimama hapo nikiwasomea kutoka kwa logbook."

Kwetu hilo si kosa. Namba isiposomeka, askari wa barabarani anaweza kulilaza gari lako kituoni mpaka ukome, kwa hiyo watu huzipiga upya na kulala usingizi. Tena mgeni akija, unafagia. Unampa kikombe kisichovunjika mpini. Mzee alikuwa amefagia. Ila kwa hao wakusanyaji wa magari ya kale, namba iliyopitiwa na grinda ina maana moja tu, kwamba gari ni la wizi au la kuungwaungwa, na hakuna kiapo kitakachowaambia vingine. Ile kutu ndiyo iliyokuwa shahidi wake, naye alikuwa ameilipia ifutwe.

Nilitoka hadi getini nikampigia tajiri, nikamtumia picha ya namba.

"Wachana na hiyo," akasema.

Nikambishia, jambo nisilolifanya. Nikamweleza rangi, skrubu, harusi, madigadi.

"Mimi sinunui hadithi," akasema, akakata.

Nilimtukana simu ikiwa imeshakatika. Nilipogeuka, binti wa mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni ile grinda, si ndiyo?"

"Ndiyo, dada."

"Usimwambie. Alifanya hivyo juu yangu. Akijua ni yeye ameharibu, atanitangulia kuenda kaburini."

Basi nikarudi nikamwambia mzee kwamba tajiri amepata gari lingine. Alitikisa kichwa, akanipa pole mimi, eti nimesumbuka bure. "Kizuri chajiuza," akasema. "Atakuja mwingine."

Sijawahi kumtafutia mtu mnunuzi. Safari hii nilitafuta, kwa sababu uso ule uliovimba ulinifuata kila nilikokwenda. Nilipiga simu kwa kila mtu anayejua magari hayo, wakanicheka, mpaka nikampata fundi mmoja anayeyatengeneza kwa ajili ya mashindano. Yeye hakujali chasisi. Alichotaka ni injini iliyozaliwa na gari, na namba yake haijaguswa. Namba ya injini nilikuwa nimeiona siku ile chini ya grisi, ndogo, imepinda kidogo vile kiwanda kilivyoiacha. Nikamwambia ipo. Akasema akiiona atalipa, na bei aliyoitaja ingetosha operation.

Jumamosi asubuhi nilitoka Kibera kwa miguu, nikakata Ngong Road, nikitembea haraka kama mwenye deni la furaha. Mzee ndiye aliyefungua geti. Hakuningoja nifungue mdomo.

"Umekuja saa mzuri," akasema, akinivuta mkono. "Nimefikiria sana juu ya yule tajiri. Nikajiambia, huyu mtu alikataa sababu ya injini. Grisi imejaa, namba haionekani, nani atanunua kitu kama hiyo? Nimewaita tena vijana wa Satellite."

Akainua boneti. Injini ilikuwa imeoshwa ikawa safi, na pale penye namba palikuwa pameng'arishwa, tarakimu mpya zimepigwa nene na kupanga mstari.

"Sasa hakuna mtu atalalamika," akasema. "Hebu angalia. Inasomeka ama haisomeki?"

Nikainama. Nikaisoma yote kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, naye akawa anaitikia kwa kichwa.

"Inasomeka, mzee."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa hospitali begani, akinitazama mimi, si gari. Alingoja tumalize, kisha akamwambia babake waende, wasipoteze nafasi kwenye foleni ya kuoshwa damu.