Vishada Vilivyotoka Nje

Kazini walimwita Bi Vishada, kwa kuwa kutwa nzima alikaa mbele ya kompyuta akichambua vishada vya nyota vya galaksi moja kubwa: vilivyozaliwa humo upande huu, vilivyonyakuliwa kutoka galaksi ndogo za jirani upande ule. Siku hiyo mkono ulikuwa kwenye kipanya, jicho kwenye simu. Mjomba aliyemlea tangu ana miaka sita alizikwa juzi, na watoto wake walikuwa wakutane jioni kuzungumzia nyumba. Yeye hakuna aliyemwita bado. Roho ilikuwa juu juu.

Mkuu wa kitengo akavuta kiti, akaipitia orodha yake.

"Bibie, hiki kinazunguka kinyume na wenzake, na metali zake si za hapa. Umekiweka kwa wenyeji. Na hiki. Na hiki pia! Kila chenye utata unakipa uenyeji, kwani unavigawia viwanja?"

"Vimekaa humu mabilioni ya miaka, mzee. Kwao kulishamezwa. Vitaitwa wageni mpaka lini?"

"Havifukuzwi, mama. Tunaandika tu vilikotoka."

Akavihamisha kimoja kimoja. Cha mwisho kilipoingia kwa wageni, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa binamu yake, yule waliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi:

"Dada, kikao saa kumi. Ni cha watoto wa marehemu tu, ila wewe uwahi, utupikie chai."