Saa Ishibe Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa saa. Nilipewa kibano na skrubu moja ndogo kuliko punje ya ulezi, nikaambiwa niishike hewani mpaka wakati wa chai. Ilianguka kabla Fundi Mkuu hajafika kwenye kiti chake.

"Itafute," alisema bila kugeuka.

Duka lile la Old Kampala lilikuwa na sakafu ya mbao, na kila ufa ulikuwa umemeza vitu tangu kabla sijazaliwa. Nilitambaa kwa magoti hadi nikaipata, nikaiweka mezani kama mtu aliyerudisha ng'ombe.

"Hesabu," akasema.

"Ni moja, Fundi."

"Hesabu tena."

"Bado ni moja."

"Vizuri. Mara ya kwanza unahesabu skrubu. Mara ya pili unahesabu uongo wako."

Toka siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili: skrubu, chenji, hata viatu vya wageni mlangoni. Mke wangu husema siku ya harusi nilimwangalia usoni, nikageuka, nikarudi kumwangalia tena kuhakikisha.

Mbele ya duka alikaa Tajiri, mwenye mali, juu ya stuli ndefu kando ya kabati la kioo. Nyuma, karibu na dirisha, alikaa Fundi Mkuu na lenzi yake kwenye jicho la kulia. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya mdomo. Baba yangu alikuwa polisi kutoka West Nile, nililelewa kambini, na Kiswahili ndiyo lugha niliyolilia utotoni. Wateja wazuri wa Tajiri walikuwa askari, na askari wa siku zile ukimwambia bei kwa Kiingereza alidhani umeshaongeza.

Siku hiyohiyo ya kwanza aliingia konstebo kijana, mrefu, mtu wa kaskazini, mshahara wake wa kwanza ukiwa bado umekunjwa mfukoni. Akaonyesha saa inayong'aa kuliko zote kabatini. Tajiri akataja bei, konstebo akacheka. Konstebo akataja yake, Tajiri akacheka. Nikasimama katikati ya watu wawili wenye furaha ambao hakuna aliyenunua wala kuuza.

Fundi Mkuu akatoka nyuma, akaweka saa tatu juu ya kitambaa.

"Afande, usichague kwa macho. Macho yananunua uso. Fumba macho, tia ufunguo."

Nieleze hapa, maana vijana wa leo wamezaliwa wakakuta betri. Saa ya mashine inaishi kwa springi, utepe wa chuma uliojikunja ndani ya kipipa kidogo. Ukitia ufunguo, yaani ukizungusha kile kichwa cha pembeni kwa kidole gumba, springi inajikaza, kisha inajifungua polepole na kusukuma magurudumu mpaka kesho yake. Gurudumu la mizani linakwenda na kurudi, likishikwa na waya mwembamba tuliouita unywele, na hilo ndilo linalosema tik. Saa ya kutia ufunguo ina mwisho: unazungusha, unazungusha, halafu kichwa kinagoma. Sisi tulisema imeshiba.

Konstebo alijaribu ya kwanza, ya pili, akafika kwenye ya tatu, ile mbaya kuliko zote, uso wake rangi ya maziwa. Kidole kikatulia.

"Hii," akasema. "Hii inashiba polepole, kama mtu mwenye heshima."

"Basi kila asubuhi, kabla hujala, ilishe. Saa ishibe kwanza, halafu wewe. Ukifanya hivyo hutaisahau mpaka unakufa." Kisha Fundi Mkuu akauliza swali aliloliuliza kila mteja: "Usiku inalala wapi?"

Halikuwa swali la udaku. Saa ikilala chali huenda mwendo mmoja, ikisimama kwa ubavu huenda mwingine, kwa hiyo fundi anayejua kazi huirekebisha kulingana na kitanda chake.

Konstebo akakaza mgongo. "Inalala kazini. Mimi ni polisi."

Tajiri alicheka mpaka akapunguza bei. Hiyo niliiona mara moja tu maishani, na nilihakikisha.

Duka lilipofungwa nilihamia kwenye varanda karibu na kambi, meza yangu mwenyewe, sanduku la kioo juu yake. Saa za askari zilikuja na jasho, vumbi la paredi, na mara moja sisimizi aliye hai. Konstebo yule alikuwa mteja wangu. Akawa koplo, akawa sajini, saa ikawa ileile. Baadaye nikachukuliwa na duka kubwa la mjini, chini ya Meneja aliyevaa tai hata Jumamosi.

"Mzee Rajabu," aliniambia, "usitengeneze. Badilisha. Mteja hana muda."

"Kama hana muda, bosi, saa anainunulia nini?"

Hakucheka. Nilibadilisha betri pale mpaka simu zikaja na watu wakaanza kutoa muda mfukoni. Nikastaafu nikarudi nyumbani Kisugu na mkebe wa biskuti. Ndani yake kulikuwa na vipuri vya saa zilizokufa mikononi mwangu: magurudumu ya mizani, springi, nywele, vichwa, mishale. Wengine wana mashamba. Mimi nilikuwa na mkebe, na nilipanga kuuza kidogokidogo mpaka mwisho wangu, maana vijana walikuwa wameanza kuzipenda tena saa za mashine, na vipuri hivyo havitengenezwi tena.

Vijana hao hukutana Bukoto, kwenye fleti ya mmoja wao, wakikaa kuzunguka meza na taa nyeupe. Nilialikwa nikaenda. Banange, jamani, wanajua! Wana simu inayosikiliza saa ikipiga na kuchora mstari. Mstari ukilala sawa wanapongezana kama wamepata mtoto. Wananunua saa nzima wakaivua uso, wakaiwekea mishale mipya, mgongo wa kioo ili mashine ionekane ikicheza. Kazi ya mikono yao ni safi. Kato, mwenye fleti, ana kibano kinachotulia kuliko changu cha ujana.

Huko ndiko alikonishika Lamwaka, binti wa miaka thelathini hivi, mhasibu.

"Mzee Rajabu, unamkumbuka baba yangu? Sajini. Alikuwa anatengenezewa saa kwako kambini."

"Uso wa maziwa, mkanda wa chuma unaong'oa nywele. Anaendeleaje?"

Macho yakamjaa machozi. Baba yake alikuwa amezeeka vibaya. Macho yamefifia, kumbukumbu zinaingia na kutoka. Saa ilikuwa imeanza kusimama, kwa hiyo Lamwaka akaamua kumpa zawadi. Yeye na Kato waliitoa mashine ya zamani na uso wake, wakaweka mpya inayojitia ufunguo yenyewe mkono ukitikisika, uso mweusi, mkanda wa ngozi, mgongo wa kioo. Mstari kwenye simu ulilala kama maji.

"Na yeye?"

"Anasema nimemwibia saa. Mimi! Kila asubuhi anaanza: mwizi ameingia. Na hali tena, Mzee. Chai inapoa, uji unapoa. Ukimlazimisha anafunga mdomo. Amekwisha."

Kesho yake nilikwenda. Wao pia wanakaa Kisugu, mteremko mmoja chini yangu. Sajini alikuwa kwenye kiti sebuleni, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, na ndani ya shati hilo mtu alikuwa amebaki kidogo. Hakunitambua. Saa ilikuwa juu ya stuli.

Nilidhani ni mkanda. Mtu aliyevaa chuma miaka yote atajuaje ngozi? Nikautafuta ule wa zamani kwenye droo, nikaufunga, nikamvisha. Aliupapasa. Uso ukafunguka.

"Eeh," akasema. "Hii."

Lamwaka akakimbilia jikoni kuleta uji. Sajini akashika kichwa cha saa kwa kidole gumba, akaanza kuzungusha. Akazungusha. Uji ukafika, mvuke ukapanda, yeye anazungusha. Lamwaka akanong'ona, "Ndiyo hivyo kila siku." Uji ukaacha kutoa mvuke. Mwishowe akaivua akaisukuma mbali.

"Hii si yangu. Mimi najua saa yangu. Hii hapana shiba."

Nikakitazama kile kidole. Nikakitazama mara ya pili. Saa inayojitia ufunguo haina mwisho. Springi yake inateleza ikijaa, isije ikakatika, kwa hiyo unaweza kuizungusha mpaka Krismasi na isigome. Na mzee huyu alikuwa ameambiwa, mbele yangu, asile kabla saa haijashiba.

"Binti yangu," nikasema, "hajagoma kula. Anangoja zamu yake."

Lamwaka aliweka bakuli chini polepole. "Mashine ya zamani nilimpa Kato. Shukrani ya kazi."

Tukaichukua ile saa, tukaenda Bukoto mchana huohuo. Mashine ilikuwa kwenye rafu ya Kato, imewekwa wima chini ya kikombe cha kioo, uso wake wa maziwa ukitutazama. Alikuwa ameisafisha na kuitia mafuta. Ilikuwa inatembea.

"Muzee, hiyo imeshapata mtu," Kato akasema. "Kuna Mkenya anakuja kesho kuichukua. Nimempa neno langu."

"Neno lina uzito gani?"

"Ssebo, bwana, usianze."

"Nauliza tu. Mkenya anakupa nini?"

"Anatoa saa nzima, ya kupiga mbizi, ndani ya boksi lake. Muzee, na mimi nifanye kazi bule?"

"Mgonjwa ni baba yangu, Kato," Lamwaka akasema.

"Najua, dada, naumia. Lakini neno ni neno."

Nikamwambia saa ya boksi kila mtu anayo. Akasema yake haina mkwaruzo. Nikasema basi bado haijaishi. Akasema maneno matamu hayafungui skrubu. Hapo nikampenda, kwa sababu hivyo ndivyo ningejibu mimi. Nikaona pia kwamba nimeshindwa kwa mdomo, jambo ambalo si la kawaida, na mkononi nilikuwa na kitu kimoja tu.

Nikaweka mkebe mezani, nikafungua.

Kato aliinama. Hakugusa. Alivaa lenzi yake, akatazama gurudumu moja, jingine, akavua lenzi.

"Hii ya kwanza nimeitafuta mpaka Nairobi," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Unataka nichague ngapi?"

Mfanyabiashara ndani yangu alitaka kusema viwili. Nilifungua mdomo niseme viwili. Nikaikumbuka shingo ya Sajini ndani ya ile kola.

"Wote," nikasema. "Mkebe wote. Wewe na Mkenya wako mgawane, neno lako lisivunjike. Lakini mashine unaifunga wewe, sasa hivi, na kichwa chake cha zamani na mgongo wake wa chuma. Mkono wangu unatetemeka."

Aliifunga. Nilikaa kando yake nikihesabu skrubu zikiingia, na alipomaliza nikamwambia ahesabu tena. Alihesabu bila kubisha. Kabla ya kuifunika akauliza airekebishe vipi, simu inasema inakimbia kidogo.

"Iache. Namjua toka kambini: usiku anailaza kwa ubavu, na hapo inachelewa. Itajirudisha."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwa Sajini kabla ya chai. Lamwaka alimvisha baba yake saa, akasimama mlangoni na bakuli. Sajini aliipapasa. Kidole gumba kikashika kichwa. Kikazungusha, polepole, na mimi nilikuwa nimeshikilia pumzi kama nilivyoshikilia ile skrubu.

Kichwa kikagoma.

Alijaribu tena kidogo, kwa upole, kuhakikisha. Kikagoma tena.

"Imeshiba," akasema. Kisha akageuza uso upande wa mlango. "Lamwaka. Chakula iko wapi?"

Alikula uji wote akaomba mwingine. Lamwaka alimlisha huku machozi yakidondokea kwenye kanga, na hakuna aliyemwambia afute.

Vijana huniuliza sasa ninaishije bila mkebe. Wa Bukoto hunilipa chai na nauli nije niwaulize maswali. Kato amebandika moja ukutani juu ya taa yake: usiku inalala wapi? Mteja asipojibu, haifungui. Mimi ni mstaafu mwenye mifuko mitupu, nimeikagua yote, nikairudia.

Lakini asubuhi ile ya uji, nilipokuwa nainuka kuondoka, nilitaka kujua kama kuna kitu kingine kilichobaki kichwani mwa Sajini. Nikainama sikioni mwake.

"Afande, usiku inalala wapi?"

Sajini akaweka kijiko chini. Mgongo ukakaza ndani ya lile shati kubwa.

"Inalala kazini," akasema. "Mimi ni polisi."