Kigoda cha Denmark Kisichokaliwa

Mimi ni mtu wa kukaa. Nilipomaliza kidato cha nne nilikalia kochi la nyumbani mpaka mama akawa anafagia akinizunguka, kama nguzo. Basi ona kazi niliyokuja kuipata Doha: kusimama. Zamu nzima, mapokezi ya jengo moja la West Bay, ndani ya viatu vya kampuni. Miguu ilinivimba hadi soksi zikaniachia alama kama kamba kwenye shingo ya mbuzi. Kila mara nilimwomba msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu, anitafutie hata stuli ya plastiki.

"Vumilia, kaka. Nitawaambia wenyewe."

Asubuhi moja nikakuta kigoda kando ya meza. Cha kukunja, miguu ya mbao nyeupe imepishana, pa kukalia pametandwa turubai safi. Nikajua nimesikika. Nikakaa, na magoti yangu yakanishukuru kwa sauti.

Kesho yake nikaja na kitambaa alichonifumia mama kwa kroshia, nikakitandika juu. Kwetu kiti bila kitambaa ni mtu bila shati. Mwenzangu wa zamu, Mganda, akanicheka: "Ssebo, sasa bado pazia na picha ya harusi."

Msimamizi alipofika hakucheka.

"Nani amekivalisha hiki?"

"Mimi, bosi. Asante kwa kunikumbuka."

"Nikukumbuke wewe? Hiki kimetoka Denmark, kimebuniwa na fundi mwenye jina. Ni cha kutazamwa. Hakikaliwi."

"Sasa kinafanya nini hapa?"

"Unachofanya wewe. Kinasimama. Na kuanzia leo, hakikisha hakuna makalio yanayokigusa."

Hivyo nikapandishwa cheo: mlinzi wa kiti. Niliwainua watu wa kuleta chakula, mafundi wa lifti, yaya mmoja aliyebeba mtoto amelala.

Halafu akashuka mpangaji mmoja, mama wa makamo, na kijibwa chake cheupe. Kikaruka, kikajikunja juu ya turubai. Nikamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama dari.

"Na huyu?" nikamnong'oneza.

"Huyu anaishi hapa, kaka."

Yule mama alikuwa amesahau funguo za gari ghorofani. Akaniomba, kwa upole kabisa, nimwangalie mbwa wake asianguke.

"Omba nafasi ya huyo mbwa," Mganda akasema kutoka mlangoni. "Uzoefu wa kulala unao."

Nilisogea karibu na kigoda, nikasimama, mkono mmoja tayari kukidaka kijibwa.